Shati Lililojikumbatia

Mama Mlango wa Pili, jirani yetu, anasema alikuwa anatoa nguo za mpwa wake kwenye begi, hana hili wala lile, mkono ukakutana na shati, na moyo wake ukasimama. Anasema hakupiga kelele kwa sababu sauti haikutoka. Lilikuwa shati jeupe, limepigwa pasi na kukunjwa, na mikono yake miwili imeletwa mbele kifuani ikapishana, ncha zimechomekwa kwapani, kama mtu aliyesikia baridi akajikumbatia. Anasema alikaa kitandani na lile shati mapajani, akalitazama kama mtu anavyotazama mgeni aliyeingia bila hodi. Mpwa wake ni dereva wa lori na ndio kwanza ametoka mji mmoja wa mbali. Kwa hiyo, anasema, shati limefuliwa kule. Na dunia nzima, anasema, nani mwingine anakunja shati namna ile?

"Ni Mashoto," aliniambia asubuhi ile, ameshika miimo ya mlango wetu kwa mikono yote miwili kana kwamba nyumba itamkimbia. "Dada yako yupo kule, anapiga pasi. Haki ya Mungu, mwanangu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Nani mwingine anayesema?"

"Si mimi nasema!"

Nikamvuta pembeni. Mama alikuwa uani, nilisikia maji yakimwagika.

"Umeshamwambia?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Basi nipe mpaka jioni, mama yangu. Usimwambie mpaka nirudi kutoka kazini."

"Mimi?" Akajipiga kifua. "Mimi ni kaburi."

Niliondoka nikijua kwamba kaburi hilo lina mlango, tena mlango wenyewe unatazamana na wetu.

Niseme kwanza kwa nini niliogopa. Mama na dada waligombana kwa ajili ya mwanamume ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri, na katika hasira mama akasema, "Ukitoka mlango huu, usirudi." Dada akatoka. Mama alidhani amesema neno la hasira tu. Dada alilichukua kama amri, akaitii. Tangu hapo mama hafungi ule mlango mchana, hata upepo ukituingizia vumbi la barabara nzima. Na kila atakayesema amemwona dada, mama huondoka kumfuata. Mara ya kwanza mtu alimwona stendi mwanamke mwenye mwendo kama wake. Mara ya pili mtu alisikia kicheko chake kwenye foleni ya hospitali ya mji mwingine. Kicheko tu! Mama akaenda, akalala kwenye mabenchi, akarudi miguu imevimba na pumzi haimtoshi. Daktari alimwambia moyo wake umechoka, safari nyingine ndefu asithubutu. Mama alimsikiliza kwa adabu, kama tunavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto.

Mimi pia ninamtaka dada. Nisieleweke vibaya. Kuna asubuhi ninaamka na kumsogezea nafasi kitandani kabla sijafumbua macho vizuri.

Kazini kwetu, kwa dobi, ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Mbele kuna kaunta, katikati meza tatu za pasi zilizovishwa blanketi kuukuu, nyuma mabeseni ya saruji na kamba za kuanikia. Mimi na dada tuliingia hapo pamoja nilipomaliza shule ya msingi, na shule yangu iliishia hapo. Yeye alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, ndiyo maana wakamwita Mashoto. Meza yake ilibidi igeuzwe ili waya wa pasi usimkabe. Ule mkunjo wa kujikumbatia aliuanzisha mwenyewe. Wateja wengine hawakuupenda. Mmoja alisema, "Mnanirudishia shati kama maiti." Dada akamjibu, "Maiti hanukii hivyo, baba." Mwenye duka akampiga marufuku. Akaacha siku mbili, akaendelea.

Mwenye duka tunamwita Mzee Inafuata, ingawa si mbele yake. Alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, akisikiliza watu wakibishana tangu asubuhi mpaka kufunga, na alistaafu na ugonjwa mmoja: hawezi kusikia mtu akisema "basi" bila kumuuliza hiyo "basi" yake imetoka wapi. Ukimwambia, "Umechelewa kula, basi huna njaa," atakuweka chini mpaka chakula kipoe. Hata hivyo magoti yake yakimuuma anaanua nguo zote akisema mvua inakuja, na mvua haiji, wala hapo haulizi kama inafuata.

Sisi tulijifunza hayo kwake kwa sababu ya uzi. Kila nguo inayoingia inashonwa alama ndani ya kola, uzi wa rangi fulani, ili isipotee kwenye beseni. Nguo za hoteli ya ng'ambo ya barabara zilikuwa na uzi mwekundu. Sasa akaja msichana mgeni, mchapakazi kweli, akakuta shati lina uzi mwekundu, akalipeleka hoteli. Kumbe lilikuwa la mwalimu mkuu wa shule, naye alipewa uzi mwekundu siku ambayo mwingine uliisha. Mwalimu akaenda hotelini kunywa chai, akahudumiwa na shati lake mwenyewe.

Siku hiyo Mzee alituita sote, hata mfuaji aliyekuwa na povu mpaka viwikoni.

"Nguo zote za hoteli zina uzi mwekundu. Kweli?"

"Kweli."

"Shati hili lina uzi mwekundu. Basi?"

"Basi ni la hoteli," mfuaji akajibu haraka, akataka kurudi kwenye beseni lake.

"Wenye homa wote hutokwa na jasho. Wewe hapo unatokwa na jasho. Basi nikupeleke hospitali?"

"Nipeleke, nikapumzike!"

Tulicheka mpaka dada akakaa chini. Lakini Mzee hakucheka. Alisema shati unaweza kuligeuza ndani nje ukalifua, sentensi hapana. Nguo za hoteli zina uzi mwekundu. Hujaambiwa kwamba kila chenye uzi mwekundu ni cha hoteli. Dalili ya mvua ni mawingu, akasema, lakini hesabuni mawingu yaliyopita juu ya paa hili tukiwa tumeanika. Kisha akageuza upande. "Kama ni ya hoteli, ina uzi mwekundu. Hii haina uzi mwekundu. Basi?"

Dada ndiye aliyesema, taratibu: "Basi si ya hoteli."

"Hiyo inafuata. Hapo unaweza kulala usingizi."

Tangu siku hiyo ikawa mchezo wetu. Mfuaji akinikuta nimejipaka mafuta mapya husema, "Unang'aa, basi umepata bwana," na chumba kizima kinaitikia, "Haifuati!"

Asubuhi ile niliweka pasi kwenye meza na kuyapanga maneno ya Mama Mlango wa Pili kama ninavyopanga nguo. Dada hukunja hivi. Shati limekunjwa hivi. Basi dada amelikunja. Nikayatazama. Nilijua nini kimenikalia kifuani: nilitaka yafuate. Niliyatamani yafuate jinsi mtu anavyotamani maji. Nikajaribu kuyapanga upya, nikaanza na la mwisho, nikaanza na la kati. Pakanuka kuungua, nilikuwa nimeacha pasi juu ya blanketi.

Mzee akaja kuangalia moshi. Akanitazama mimi badala ya blanketi.

"Nini, binti?"

Nikamweleza yote. Alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu yake yenye utabiri wa mvua.

"Ili ifuate," akasema, "unahitaji neno gani hapo katikati?"

Nikafikiri. "Kwamba hakuna mwingine anayekunja hivyo. Ila yeye tu."

"Hakuna?"

Niliinamisha kichwa. "Mimi, baba. Siku nyingine. Shati la mwisho mwisho, jioni, watu wakishaanza kuondoka. Mikono inakwenda yenyewe."

"Najua," akasema. "Nimekuona. Nilifikiri nikukataze kama nilivyomkataza yeye, nikashindwa."

Mfuaji alikuwa anaimba nyuma, maneno hayajui, anaimba hewa tu.

"Unataka nikuambie inafuata," Mzee akasema.

"Ndiyo."

"Siwezi. Lakini jiulize upande wa pili. Kama ni yeye aliyekunja, ni kitu gani lazima kiwepo? Si kinachoweza kuwepo. Lazima."

Nikafumba macho nikamwona: amesimama upande usio wetu, bega la kushoto limeshuka kidogo. Anauweka mkono wa kulia wa shati kwanza, anaukandamiza kwa kiganja, kisha anauleta wa kushoto juu yake, kwa sababu mkono wake wenye nguvu ndio unaofunga kazi. Mimi ni wa kulia. Kwangu mkono wa kulia wa shati ndio unaokuja juu. Alikuwa akinitania kwamba mashati yetu yakikutana yatasalimiana kama kwenye kioo.

"Mkono wa kushoto utakuwa juu," nikasema. "Hawezi vinginevyo. Alijaribu, akashindwa, akatupa shati sakafuni."

"Haya. Nenda kaangalie. Meza yako nitaishika mimi."

"Utaunguza nguo za watu, baba."

"Wewe umeshaanza. Nenda."

Nilikwenda mchana kweupe, nikipita karibu na ukuta nisionekane kutoka kwetu. Mama Mlango wa Pili alinikaribisha kama amenisubiri tangu azaliwe. Shati jeupe lilikuwa juu ya meza yake, limekunjwa, mikono imepishana.

"Mkono wa kulia uko juu," nikasema.

"Ah, hapo nimekunja mimi. Nimelifungua mara ngapi kuwaonyesha watu!"

"Watu gani? Si wewe ni kaburi?"

"Watu wa kaburini," akasema, na hata yeye aliona haya.

"Lilipotoka kwenye begi, mkono upi ulikuwa juu?"

Akainua mikono yake kifuani, akaipishanisha hivi, akaipishanisha vile. "Huu. Hapana, huu. Mwanangu, mkono ni mkono! Dada yako anapatikana, wewe unauliza mkono upi?"

Nilikaribia kulia kwa hasira. Ushahidi wote ulikuwa pale mezani, safi, umefutwa na mikono ya mtu mwema. Ndipo akasema, kama anayenitupia mfupa ninyamaze, kwamba lipo lingine chini ya begi, la buluu, hajaligusa, kwa sababu jeupe lilimtosha.

Sikumruhusu aliguse. Nilipiga magoti mbele ya begi, nikaondoa suruali iliyokuwa juu, nikaona kola ya buluu, kisha vifungo, kisha mikono. Limejikumbatia. Kwa muda kidogo sikuangalia upi uko juu. Niliangalia tu kwamba limejikumbatia.

Wa kulia ulikuwa juu.

Kama ni yeye, wa kushoto uko juu. Wa kushoto hauko juu. Niliyasema kwa sauti ili masikio yangu yayasikie, maana moyo ulikuwa umeshaanza kutafuta upenyo: labda ameumia mkono, labda amemfundisha mwenzake kule na mwenzake ni wa kulia. Labda hiyo nilitaka kuipanda kama gari. Nikafunua kola. Ndani kulikuwa na uzi wa zambarau, mishono miwili na fundo. Zambarau ni ya wateja wetu wa kupita. Hakukuwa na alama nyingine yoyote, wala uzi wa dobi mwingine, wala wino. Fundo lilikuwa la mfuaji wetu, namjua kwa uvivu wake.

"Mpigie mpwa wako," nikamwambia.

"Yuko barabarani tena."

"Mpigie, mama yangu. Tafadhali."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Injini ilinguruma chumbani mwake.

"Mpwa wangu, yale mashati mawili uliyafulisha wapi?"

"Mashati gani, shangazi?"

"Jeupe na la buluu! Ya kwenye begi!"

"Si kwa dobi wenu hapohapo? Niliyachukua siku ya kuondoka. Sijayavaa hata moja. Gari lilikuwa linavuja oili, nimeshinda na ovaroli safari nzima."

"Lakini yametoka kule!"

"Begi ndilo limetoka kule, shangazi. Kuna nini? Yameliwa na panya?"

Akakata simu bila kumjibu. Alikaa kitandani. Mimi nilikuwa nimelishika lile shati la buluu. Nililikunja mwenyewe, jioni moja, mikono ikienda yenyewe, nikimkumbuka. Likasafiri hadi mji wa mbali na kurudi, na watu wakaona ndani yake mtu niliyekuwa namtafuta.

"Nilitaka iwe kweli," Mama Mlango wa Pili akasema.

"Hata mimi."

"Basi unisamehe na hili lingine." Alianza kukunjua na kukunja upindo wa kanga yake. "Mama yako alikuja kuazima chumvi saa sita. Nikajikaza, nikajikaza..."

Sikusubiri amalize.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chetu, amevaa viatu vya kutokea. Begi lake lilikuwa sakafuni, limefungwa zipu, na juu yake sweta langu, maana alikuwa amesikia kule kuna baridi. Alikuwa amejipaka mafuta usoni, nywele amezichana akazibana nyuma. Alipendeza. Nilichukia kwamba alipendeza.

"Umetoka kwa jirani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa, unieleze. Yule akisimulia anaruka ruka kama panzi."

Nikakaa, nikamweleza hatua kwa hatua, sikuruka. Nikamweleza mkono wa kushoto na wa kulia. Nikamweleza uzi wa zambarau, na begi lililotoka kule na mashati yasiyofunguliwa. Alinisikiliza akinitazama mdomoni. Mama hakusoma hata nilikofika mimi, lakini hakuniomba nirudie hata mara moja.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekunja."

"Ni mimi."

"Kwa nini unakunja kama yeye?"

"Ninamtamani, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama nimemwambia bei ya kitu ambacho alishaijua. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, gurudumu linalia.

"Ulisema, kama angekuwa amekunja yeye, basi yuko kule."

"Ndiyo."

"Na hakukunja yeye."

"Hakukunja."

"Basi hayuko kule?" Aliinua kidole, kile kidole alichokuwa akituinulia tulipokuwa wadogo na tumesema uongo. "Inafuata?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa na Mzee, mimi ndiye ninayejua mambo hayo. Angevua viatu. Moyo wake ungepumzika angalau mpaka jirani mwingine aone mwendo au asikie kicheko.

"Haifuati, mama," nikasema.

"Ehee."

"Tumejua tu kwamba shati halituambii chochote. Anaweza kuwa kule. Anaweza kuwa popote."

"Popote hakuna gari la kwenda, mwanangu. Kule lipo. Linaondoka alfajiri, nimeshauliza."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema nikisafiri nitaugua. Sikusafiri mwaka huu, na usiku unanisikia ninavyopumua. Hiyo nayo iweke kwenye meza yako ya pasi, unipangie."

Alishuka kitandani taratibu, mkono mmoja ukutani, akachukua sweta juu ya begi na kuniwekea mapajani. Kumbe hakuwa amejichukulia yeye. Alikuwa ameniwekea mimi, pamoja na nguo zangu mbili ndani ya begi, nilizoziona alipofungua zipu kidogo kunionyesha.

"Sikuombi uniambie ni yeye. Nimesikia, si yeye," akasema. "Nakuomba unisindikize. Mara zile mbili nilikwenda peke yangu, nikimwuliza kila mtu, wala sikuwa na wa kunisaidia kuangalia. Wewe una macho. Twende, tukimkosa tumkose wote wawili. Moyo huu ukinizidi, utanishika mkono."

Mlango ulikuwa wazi. Vumbi lilikuwa linaingia polepole, likitua kwenye ncha za viatu vyake.

"Unanisikia?" mama akasema. "Nisindikize."